Namba Iliyopungukiwa na Moja: Hotuba Kuhusu 2,147,483,647

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na nyote mliokubali kuja kukaa kitako kusikiliza habari za namba moja tu: asanteni sana. Nitajitahidi nisiwachoshe, ingawa patafika mahali nitaomba mnivumilie, kwa sababu kuna hesabu ambayo nisipoionyesha mtaondoka mikono mitupu.

Namba yenyewe ndiyo hiyo niliyoiandika ubaoni: 2,147,483,647. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, na ushee. Ukiitazama ilivyo hapo haina mvuto wowote. Haina mpangilio, haina sifuri za kupendeza mwishoni, na ukijumlisha tarakimu zake unapata 46, jibu lisilokuambia kitu. Wale wanaoandika programu za kompyuta nawaona wanacheka chinichini. Wao wameshakutana nayo, na mara nyingi saa ambayo hawakuwa tayari.

Sura yake imejificha kwa sababu tumeiandika kwa mfumo wa kumi, ambao tuliuchagua kwa ajili ya vidole vyetu. Namba hazina vidole. Iandike kwa tarakimu mbili, 0 na 1, kama kompyuta inavyofanya, nayo inakuwa hivi:

1111111 11111111 11111111 11111111

Hesabuni: ni tarakimu 31, zote ni 1. Ukiongeza moja, zote zinageuka sifuri na 1 mpya inachomoza mbele, na hiyo ni 2³¹, yaani 2,147,483,648. Namba yetu, basi, ni 2³¹ − 1. Dai langu leo ni kwamba karibu kila kitu cha kueleza kuhusu namba hii, cha uzuri na cha balaa, kinatokana na hiyo moja iliyopungua.

Tuanze na swali ambalo watu wamekuwa wakiuliza kuhusu namba za ukoo huu kwa karne nyingi: je, ni tasa? Namba tasa, mnakumbuka, ni ile isiyogawanyika kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe, kama 7, 13 au 101. Namba zilizopungukiwa na moja kufikia kipeo cha mbili huanza kwa kutupa matumaini: 3, 7, 31, 127, zote tasa. Lakini 15 ni 3 mara 5, na 2,047, ambayo ni 2¹¹ − 1, ni 23 mara 89. Jambo moja lina uhakika: kipeo chenyewe kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Kinyume chake hakina uhakika huo, kwani 11 ni tasa na bado 2,047 inavunjika. Hapo ndipo watu walipojikwaa.

Mwaka 1588, Pietro Cataldi wa Bologna alithibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Njia yake ilikuwa ya jasho. Alijitengenezea jedwali la namba tasa zote hadi 750, akagawanya kwa moja baada ya nyingine. Namba 2¹⁹ − 1 ni 524,287, na kipeuo chake cha pili ni 724 na kidogo, kwa hiyo jedwali lilitosha kabisa. Mnajua sababu: namba ikivunjika kuwa mbili, mojawapo haiwezi kuzidi kipeuo cha pili, kwa hiyo ukifika hapo bila kupata kitu, kazi imekwisha. Cataldi hakuishia hapo. Akadai kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa.

Mwaka 1640 Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, akaonyesha kwamba 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Baadaye Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kwamba 2²⁹ − 1 inagawanyika kwa 233. Kinachonishangaza mimi ni kwamba 47, 223 na 233 zote ni tasa na zote ziko chini ya 750. Zilikuwamo kwenye jedwali la Cataldi mwenyewe! Angekaa na kugawanya kama alivyofanya kwa 17 na 19, angezikuta. Kati ya madai yake manne, lililosimama ni moja tu, la 31, na hilo halikuwa na uthibitisho hadi mwaka 1772.

Aliyelithibitisha ni Leonhard Euler, katika barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo ule maarufu wa wanahisabati, wa Bernoulli. Euler wakati huo alikuwa Saint Petersburg, umri wake miaka 65, na macho yake yalikuwa karibu hayaoni kabisa. Fikirieni kazi iliyokuwa mbele yake. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama 46,341. Namba tasa zilizo chini ya hapo zinakaribia 4,800. Angefuata njia ya Cataldi, angetakiwa kugawanya namba yenye tarakimu kumi karibu mara 4,800, na kila mara awe na hakika kwamba hakukosea.

Hakufanya hivyo. Na sasa ndio wakati wa kunivumilia, kwa sababu alichofanya kinaeleweka na mtu yeyote anayejua kugawanya.

Chukueni 23. Anzeni na 1, zidisheni kwa 2, na kila mkivuka 23 itoeni mbaki na baki. Mtapata 1, 2, 4, 8, 16, halafu 32 inakuwa 9, kisha 18, 13, 3, 6, 12, na 24 inakuwa 1. Tumerudi tulikoanzia baada ya hatua 11. Kuanzia hapo msururu utajirudia milele. Fermat alikuwa ameshagundua kwamba kwa namba tasa q yoyote iliyo witiri, urefu wa mzunguko huo lazima uigawanye q − 1 bila baki. Kwa 23, q − 1 ni 22, na 11 inaigawanya 22. Sawasawa.

Sasa tuseme ipo namba tasa q inayoigawanya namba yetu. Maana yake ni kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa q inabakiza 1. Ile moja iliyopungua ndiyo hiyo imeanza kazi. Basi mzunguko wa 2 unarudi mwanzoni baada ya hatua 31. Je, huenda ulikuwa umesharudi kabla ya hapo? Ungekuwa umerudi, urefu wake ungekuwa kigawo cha 31, na 31 ni tasa, kwa hiyo kigawo pekee kilichobaki ni 1. Mzunguko wa hatua moja ungemaanisha kwamba 2 na 1 ni kitu kimoja mbele ya q, yaani zikigawanywa kwa q zinabakiza sawa, na hilo haliwezekani. Kwa hiyo urefu ni 31 kamili, na 31 inaigawanya q − 1. Tena q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo 62 nzima inaigawanya q − 1.

Kwa pigo moja, wagombea wote wamefukuzwa isipokuwa 63, 125, 187, 249 na kuendelea, kwa kurukaruka 62. Mnaweza kurudi kwa Cataldi mkapima: 47 imezidi 46 kwa moja, na 46 ni 2 mara 23. Namba 223 imezidi 222 kwa moja, na 222 ni 6 mara 37. Namba 233 imezidi 232 kwa moja, na 232 ni 8 mara 29. Sheria haikosei.

Euler alikuwa na chujio la pili, na hili mimi naliona zuri kuliko la kwanza. Kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni mraba: ni 65,536 ikizidishwa kwa yenyewe. Maana yake, mbele ya q, namba 2 ni baki la mraba. Si kila namba tasa inaruhusu jambo hilo. Kwa 7 inawezekana: 3 mara 3 ni 9, linabaki 2. Kwa 17 inawezekana: 6 mara 6 ni 36, linabaki 2. Jaribuni kwa 5, mtahangaika bure, miraba yote inabakiza 0, 1 au 4. Kanuni ni kwamba inawezekana kwa zile namba tasa witiri tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Unganisheni machujio mawili, na kila kigawo tasa cha namba yetu lazima kiwe cha umbo la 248m + 1 au 248m + 63. Kiandikeni pembeni hicho 248, kwa sababu kitarudi mahali msipotegemea.

Tuanze kazi yenyewe, angalau tuionje. Wagombea wa mwanzo ni 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241, 1,303. Kati ya hao, 63 ni 7 mara 9, inatupwa. 249 ni 3 mara 83, inatupwa. 497 ni 7 mara 71, 559 ni 13 mara 43, 745 na 1,055 zinaishia na 5, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, na 1,241, inayojifanya tasa, ni 17 mara 73. Zinazobaki ni 311 na 1,303 tu. Gawanyeni namba yetu kwa 311: mnapata 6,905,092 na baki 35. Kwa 1,303: mnapata 1,648,107 na baki 226. Anayefuata ni 1,489, ambaye ni tasa: jibu 1,442,232, baki 199. Mmeona mwendo wake? Tumevuka 1,400 na tumegawanya mara tatu tu. Hadi kufikia 46,341 wagombea wote, ukimwacha 63, ni 372, na ukiwatupa wasio tasa wanabaki chini ya mia. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa mtu mmoja mwenye subira. Hakuna hata mmoja kati yao aliyegawanya bila baki. Namba yetu ni tasa.

Kwa miaka zaidi ya themanini haikutokea nyingine kubwa zaidi iliyothibitishwa. Mwaka 1867 François Landry wa Ufaransa alikuwa na 3,203,431,780,337, na mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa mwenzake, akaruka hadi 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39. Lucas hakugawanya chochote. Alibuni kipimo cha aina nyingine kabisa, ambacho Lehmer, mwanahisabati wa Marekani, alikuja kukinyoosha katika karne ya 20. Unaanza na 4, unaikuza kwa mraba, unatoa 2, unachukua baki, unarudia. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, inakwenda hivi: 4, kisha 14, kisha 194 ambayo baki lake ni 8, kisha 62 ambayo baki lake ni 0. Ukiangukia 0 baada ya hatua mbili pungufu ya kipeo, namba ni tasa. Kwa 2,047 unamalizia kwenye 1,736, basi si tasa, ingawa kipimo hakikuambii inavunjikaje. Kwa namba yetu ni hatua 29, na simu yoyote iliyo mifukoni mwenu ingezimaliza kabla sijavuta pumzi. Kipimo hicho ndicho kilichothibitisha bingwa wa Oktoba 2024, 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kutoa moja: tarakimu 41,024,320.

Kabla sijaingia kwenye kompyuta, kuna deni la kale. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya ukoo huu inazaa namba kamilifu, ile ambayo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha yenyewe. Kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Kama 28, ambayo ni 1, 2, 4, 7 na 14. Namba yetu ikizidishwa kwa 2³⁰ inatoa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba za namna hii ni za kufurahisha tu, hazina matumizi, na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Masikini Barlow! Alikuwa mtu makini, na utabiri huo ndio wengi wanaomkumbuka nao. Alidharau mambo mawili kwa pamoja: ukaidi wa watu, na swali la nini hasa kitahitajika kesho.

Maana ilipofika karne ya 20 watu walijenga mashine zinazohesabu kwa 0 na 1, na wakazipanga tarakimu hizo, ziitwazo biti, 32 kwa 32. Biti moja ikawekwa kando kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zikabaki 31. Kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 31 ni ile ambayo zote ni 1. Ndiyo hiyo ubaoni. Hakuna aliyeichagua kwa sababu ni tasa, imetokea hivyo tu. Kwa mashine za biti 8 kikomo ni 127, nayo ni tasa. Kwa biti 16 ni 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Kwa biti 64 ni 2⁶³ − 1, na mtu yeyote hapa anajua tayari kwamba si tasa, kwa kuwa 63 si tasa. Inagawanyika hata kwa 7.

Nini kinatokea mashine ikiwa na namba yetu mkononi na ikaambiwa iongeze moja? Zile 1 zote zinageuka 0, na 1 mpya inachomoza mbele, kama nilivyosema mwanzoni. Lakini mahali inapochomoza ni pale penye biti ya alama, ile inayoonyesha chanya au hasi. Mashine inaisoma kuwa namba hasi: −2,147,483,648. Kutoka kilele cha juu kabisa hadi shimo la chini kabisa kwa hatua moja, tena bila kelele, bila onyo.

Mwaka 2014 YouTube walitangaza kwamba video moja ya mwanamuziki wa Korea Kusini ilikuwa inatazamwa mara nyingi kuliko kihesabuji chao kilivyoweza kubeba, wakalazimika kuhamia biti 64. Hilo lilikuwa la kuchekesha. La mwaka uliofuata halikuwa la kuchekesha: mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba ndege za Boeing 787 zisiachwe na umeme umewashwa mfululizo kwa siku 248, kwa sababu ikifika hapo mitambo inayosimamia majenereta ingeweza kujizima yote kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Kwa nini 248? Gawanyeni namba yetu kwa 100, mkiichukulia kuwa inahesabu sehemu za mia za sekunde, kisha kwa sekunde 86,400 za siku. Mnapata siku 248 na nusu hivi. Wale walioandika 248 ya Euler pembeni wanaweza kutabasamu. Nimelitafakari jambo hili na nina hakika ni sadfa tupu. 248 ya Euler ni 8 mara 31, na hii ya ndege imetokana na urefu wa siku ya dunia yetu. Hazina undugu. Ila sadfa nayo ina raha yake.

Na kuna tarehe ambayo iko mbele yetu bado. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970. Ile inayoweka hesabu hiyo kwenye biti 32 zenye alama itafika kwenye namba yetu tarehe 19 Januari 2038, saa tisa usiku na dakika 14 na sekunde 7, kwa saa za Greenwich. Sekunde itakayofuata, mashine hizo zitaamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901. Kompyuta kubwa na simu mpya zimeshahamia biti 64. Wasiwasi wangu ni kwa vile vifaa vidogo vilivyozikwa ndani ya kuta na mitambo, ambavyo aliyeviweka ameshastaafu na hakuna anayekumbuka kwamba ndani yake mna saa.

Nimesema mabaya, na ningekuwa mwizi wa fadhila nikiishia hapo, kwa sababu programu zilezile zilikuja kunufaika na namba hii kwa utasa wake hasa. Kompyuta haiwezi kurusha dadu. Ukitaka ikupe namba za nasibu, lazima uipe kanuni inayotoa msururu unaoonekana kuwa wa ovyo. Kanuni mojawapo, iliyoandikiwa mashine za IBM mwaka 1969 na kuenezwa sana na makala ya Park na Miller ya mwaka 1988, ni fupi ajabu: chukua namba uliyonayo, izidishe kwa 16,807, igawanye kwa 2,147,483,647, na baki ndilo namba yako mpya.

Kwa nini 16,807? Ni 7⁵. Mkumbuke mzunguko wa 2 mbele ya 23. Mbele ya namba yetu, mzunguko wa 2 ni mfupi wa kusikitisha, hatua 31 tu, kwa sababu 2³¹ inabakiza 1. Lakini mzunguko wa 7 unapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla haujarudi, bila kuruka hata moja. Mzunguko mrefu kiasi hicho unawezekana kwa sababu tunagawanya kwa namba tasa. Na kipeo cha 5 hakiuharibu, kwa kuwa urefu wake, 2,147,483,646, ni 2 × 9 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, na 5 haimo.

Faida nyingine ni wepesi. Kugawanya ni kazi nzito kwa mashine. Lakini mnajua ule ujanja wa 9: kutafuta baki la 5,284 ukigawanya kwa 9, unajumlisha tarakimu, 19, halafu 10, halafu 1, umemaliza. Unafanya kazi kwa sababu 9 imepungua moja kufikia 10. Namba yetu imepungua moja kufikia 2³¹, basi ujanja ni uleule. Unaukata mzigo vipande viwili kwenye biti ya 31 na kuvijumlisha.

Tufanye mara moja. Anzeni na 1. Ya pili ni 16,807. Ya tatu ni 282,475,249. Sasa izidisheni hiyo kwa 16,807, mnapata 4,747,561,509,943. Ikateni: ndani yake 2³¹ inaingia mara 2,210 na kunabaki 1,622,647,863. Jumlisheni hivyo viwili, 1,622,650,073. Hiyo ndiyo namba ya nne, na hakuna aliyegawanya kwa namba yetu hata kidogo.

Kwa kazi za siri kanuni hii haifai, mtu akiona namba moja tu anajua zote zinazofuata. Hata kwa majaribio makubwa ya kisayansi leo zipo zenye mizunguko mirefu zaidi. Ila kwa kujifunzia sijaona iliyo bora, na ina jambo moja ninalolipenda: unaweza kujipima. Andikeni programu yenu kwa lugha yoyote mnayoijua, muanze na 1, mrudie mara 10,000. Kwenye kompyuta yoyote duniani jibu lazima liwe 1,043,618,065. Likija hasi, mnajua mmevuka kikomo gani. Sasa niko tayari kwa maswali.